Mkataba wa muuguzi na daktari katika majimbo ya Marekani: je, sheria inaweza kuamuru ushirikiano?

Mkufunzi wa Nyegezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha uuguzi hapa Mwanza, na muhula huu nimepewa somo la sheria na maadili ya taaluma kwa wauguzi wanaosoma shahada ya uzamili. Katika kuandaa mada ya mipaka ya kazi nimejikuta nikisoma sheria za Marekani kuliko nilivyokusudia, kwa sababu jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa mwongozo wa wizara, wenzetu wamelitungia sheria jimbo kwa jimbo, na majimbo yenyewe hayafanani.

Kwa faida ya wasioifuatilia mada hii, Marekani wapo wauguzi waliosoma hadi uzamili au uzamivu ambao sheria inawatambua kuwa kundi la peke yao. Nitawaita wauguzi wabobezi. Wamo wanaopima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, wamo wakunga, wamo wa usingizi, wamo pia wabobezi wa fani mbalimbali za kliniki. Leseni zao hutolewa na jimbo, na kila jimbo huamua lenyewe kama muuguzi wa aina hiyo atafanya kazi kwa leseni yake peke yake au ni lazima awe na mkataba wa maandishi na daktari. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 yameshaliondoa sharti la mkataba kwa wauguzi wanaotibu, mengine baada ya muuguzi kupitia kipindi cha uangalizi. Yaliyobaki yanadai ushirikiano au usimamizi wa daktari kwa muda wote wa kazi, hasa katika kuandika dawa.

Kinachonitatiza ni hiki. Fani ya wauguzi wanaotibu ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipokaa pamoja wakabuni mafunzo ya wauguzi watakaohudumia watoto walio mbali na madaktari. Hakuna sheria iliyowaamuru washirikiane. Mwaka 1971 Idaho likawa jimbo la kwanza kutambua kisheria kwamba muuguzi anaweza kutambua ugonjwa na kutibu. Iweje basi ushirikiano ulioanza kwa hiari ya watu wawili ugeuke kuwa karatasi inayodaiwa na bodi, yenye hesabu za saa, za umbali na za idadi ya wauguzi kwa daktari mmoja?

Upande wa pili wa swali ni wetu. Huku Kanda ya Ziwa muuguzi wa zahanati anaweza kujikuta usiku na mama anayevuja damu, akafanya yote anayoyajua, na pasiwe na maandishi yoyote yanayomtaja daktari anayepaswa kumsaidia. Wao wamefunga sana, sisi tumeacha wazi sana. Ninaomba mawazo ya wenye uzoefu wa pande zote mbili: sheria ifanye nini hasa katika uhusiano huu?

Mzaliwa wa Kirumba (yupo Ohio) amejibu:

Mwalimu, salaam nyingi kutoka mbali. Mimi ni muuguzi mbobezi wa huduma za familia katika jimbo la Ohio, ingawa uuguzi wenyewe niliuanzia Mwanza. Nitaeleza sheria inavyoonekana kwa mtu anayeishi ndani yake.

Ohio inawataka wauguzi wanaotibu, wakunga na wabobezi wa kliniki wawe na makubaliano ya maandishi na daktari mmoja au zaidi. Wenzetu wa usingizi hawamo katika utaratibu huo. Wao wako chini ya usimamizi, ambao ni kifungo kikali zaidi. Makubaliano yangu yanaeleza nitawasiliana na daktari kwa njia gani, mgonjwa wa namna gani nitampa rufaa, nani atashika nafasi ya daktari asipokuwepo, kazi yangu itapitiwaje, na tukitofautiana kuhusu matibabu tutafikiaje uamuzi. Daktari mmoja haruhusiwi kushirikiana na wauguzi zaidi ya watano kwa wakati mmoja katika suala la kuandika dawa.

Hadi hapo sioni ubaya, na baadhi ya vipengele hivyo ningevitaka hata kama sheria isingevidai. Tatizo linajitokeza daktari anapoondoka. Leseni ni yangu, wagonjwa wananijua mimi, lakini daktari akihama au akiamua kwamba hataki tena, sheria inanipa siku zisizozidi 120 baada ya kuiarifu bodi ya wauguzi, nami katika muda huo nitafute mwingine. Mjini siku hizo zinatosha. Ninamfahamu mwenzangu wa kliniki ndogo ya mashambani ambaye daktari wake alistaafu. Alizunguka hadi akampata daktari wa mji mwingine aliyekubali kusaini kwa ada ya kila mwezi, na daktari huyo hajawahi kukanyaga katika kliniki ile wala kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Kwa bodi, ushirikiano upo na umekamilika. Ada ile ya saini ni biashara halali kabisa, na ipo katika majimbo mengi yenye sharti la mkataba.

Sasa tazama majimbo mengine. Texas wanadai makubaliano ya mamlaka ya kuandika dawa, daktari mmoja kwa wauguzi wabobezi na wasaidizi wa madaktari wasiozidi saba kwa jumla, pamoja na vikao vya kila mwezi. Dawa kali za maumivu, zile za kundi la morfini, muuguzi wa Texas anaweza kuziandika kwa wagonjwa wa hospitali na wale wa huduma shufaa za mwisho wa maisha. Akiwa katika kliniki ya kawaida, hapana. Missouri waliwahi kupima ushirikiano kwa maili: daktari asiwe mbali na muuguzi zaidi ya maili 75, ambazo ni kama kilometa 120, na apitie asilimia 10 ya majalada kila siku 14. Kwa kipimo hicho daktari wa Mwanza angeweza kushirikiana na muuguzi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, pasipo kuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuuliza kama katikati pana maji.

Halafu kuna majimbo yanayomwachia muuguzi baada ya kutimiza saa. New York, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015, waliweka saa 3,600 za kazi ndipo mkataba wa maandishi ukome. Florida mwaka 2020 wakasema saa 3,000, na uhuru wenyewe uwe katika huduma za msingi tu. California, kwa sheria iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2020, wakasema miaka mitatu au saa 4,600, na hata hapo muuguzi anaanzia mahali penye daktari kabla ya kuruhusiwa kufungua kliniki yake. Sijawahi kuona ushahidi wa kitabibu unaoeleza kwa nini muuguzi wa Miami aive kwa saa 3,000 na yule wa Los Angeles ahitaji 1,600 zaidi. Kwa maoni yangu hesabu hizo ni matokeo ya mapatano bungeni kati ya vyama vya wauguzi na vyama vya madaktari, kila upande ukivuta mpaka ukachoka.

Wapo walioligundua hilo wasiokuwa wauguzi. Mwaka 2010 taasisi ya kitaifa ya tiba nchini humo ilitoa ripoti kuhusu mustakabali wa uuguzi iliyopendekeza wauguzi waruhusiwe kutumia elimu yao yote. Mwaka 2014 tume ya shirikisho inayosimamia ushindani wa kibiashara ikaandika kwamba masharti ya usimamizi wa lazima yanaweza kumpa mtaalamu mmoja mamlaka ya kumzuia mshindani wake kuingia sokoni. Mwisho wa mwaka 2016 idara ya wastaafu wa jeshi ikawaruhusu wauguzi wabobezi wa hospitali zake wafanye kazi bila usimamizi wa daktari katika majimbo yote, isipokuwa wale wa usingizi. Kwa hiyo unaweza kukuta muuguzi ambaye asubuhi, ndani ya hospitali ya wastaafu, hahitaji saini ya mtu, na jioni katika kliniki ya pili mtaa uleule anaihitaji. Korona ilipoingia mwaka 2020, magavana kadhaa waliyasimamisha masharti ya mikataba kwa amri ya dharura. Kama mkataba ndio uliokuwa ukiwalinda wagonjwa, ule ndio ungekuwa wakati wa mwisho kabisa wa kuuondoa.

Niongeze jambo moja linalosahaulika. Hata palipo na uhuru kamili, fedha zina sheria zake. Bima ya serikali ya wazee inamlipa muuguzi mbobezi anayedai kwa jina lake asilimia 85 ya kile ambacho daktari angelipwa kwa huduma hiyohiyo.

Msomaji wa Igoma amejibu:

Ninauheshimu mjadala huu, ila naona tunajadili ugomvi wa wenye shibe. Nchi yenye madaktari inaweza kubishana nani amsimamie nani. Zahanati nyingi za mkoa wetu hazina daktari wa kusaini chochote. Tungeanza na ajira.

Daktari wa hospitali ya rufaa, Mwanza, amejibu:

Mkufunzi, pamoja na dada (au kaka) yetu wa Ohio, ninashukuru kwa maelezo. Ninaandika nikiwa daktari niliyepitia hospitali ya wilaya kwanza, kwa hiyo simu za usiku kutoka zahanati ninazifahamu kutoka upande wa anayezipokea.

Nianze kwa kutetea kidogo upande wangu, maana hoja ya madaktari wa Marekani si ya wivu peke yake. Muuguzi mbobezi anahitimu akiwa na mamia ya saa za mafunzo ya vitendo katika ngazi hiyo, wakati daktari wa familia anamaliza chuo na mafunzo ya hospitalini akiwa na maelfu mengi. Tofauti hiyo haionekani kwa mgonjwa wa presha anayekuja kuongezewa dawa. Inaonekana kwa yule mmoja ambaye kikohozi chake si kikohozi. Utafiti unaonukuliwa mara nyingi ni ule wa New York uliochapishwa mwaka 2000, ambao uliwagawa wagonjwa kwa nasibu kati ya wauguzi wabobezi na madaktari wenye mamlaka yaleyale, ukakuta hali za wagonjwa baada ya miezi sita hazitofautiani. Ninaukubali. Lakini ulihusu huduma za msingi, katika jiji ambalo hospitali kubwa ipo hatua chache tu, na miezi sita ni michache kwa magonjwa yanayojificha. Anayeutumia kudai kwamba muuguzi hamhitaji daktari kabisa anaubebesha mzigo usio wake.

Hata hivyo, nikiisoma mikataba hiyo ninaona kasoro ambayo wengi hawaitaji. Karibu masharti yote yanamwelekea muuguzi: asifanye hiki, asiandike kile, asikae mbali zaidi ya hapa. Ukimgeukia daktari, sharti lake kubwa ni kusaini, kuhudhuria kikao na kupitia majalada ya watu waliokwisha kutibiwa wakaenda nyumbani. Ni wapi palipoandikwa kwamba muuguzi akipiga simu saa nane usiku daktari awe ameipokea ndani ya dakika kadhaa? Maandishi ya Ohio yanasema "njia ya mawasiliano", lakini njia ni njia tu, haimlazimishi mtu kuipita.

Sisi huku tumefunga mlango tofauti kabisa. Wanafunzi wako, Mkufunzi, waitazame orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kila dawa imepewa herufi ya ngazi ya kituo: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa hospitali ya mkoa, S kwa hospitali za kibingwa. Kwa hiyo kinachoamua mgonjwa atapata dawa gani ni jengo aliloingia kuliko elimu ya aliyemhudumia. Muuguzi mwenye uzamili akipangiwa zahanati anashika dawa za zahanati. Hilo nalo lina busara yake, kwa maana dawa inafuata vipimo na vifaa vilivyopo. Lakini lina maana pia kwamba hatujawahi kulazimika kujiuliza swali la Ohio, yaani nani anajua nini na nani anawajibika kwa nani.

Historia yetu inaonyesha tunaweza kulijibu tukitaka. Madaktari wasaidizi, waliokuwa matabibu kisha wakaongezewa mafunzo, walifanya upasuaji wa kumtoa mtoto katika hospitali zetu za wilaya kwa miongo mingi, na akina mama wengi wa kanda hii wako hai kwa mikono yao. Mafunzo ya kada ile yamesitishwa, na sipendi kuingia katika mjadala huo leo. Ninachotaka kusema ni kwamba walifanya hivyo wakiwa ndani ya hospitali yenye utaratibu, wakijua mgonjwa akiwashinda anapelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, na Bugando inampokea.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la Mkufunzi ni kwamba sheria imwekee daktari wajibu wa kujibu kabla ya kumwekea muuguzi wajibu wa kuuliza. Na ushauri uliotolewa kwa simu uandikwe kwa jina la aliyeutoa. Hivi sasa mgonjwa akifariki, anayeitwa kujieleza ni muuguzi aliyekuwepo. Sisi tuliosema "mwongezee drip, nitamtazama asubuhi" hatuonekani popote.

Tabibu wa visiwani, Ukerewe, amejibu:

Daktari, umesema jambo ambalo huku tunalisema kwa sauti ya chini. Niruhusuni nilete mfano mmoja kamili, kwa sababu bila mfano tutabaki na herufi na saa.

Amekuja mama mwenye ujauzito wa miezi minane, presha iko juu sana, macho yana ukungu, kisha akadondoka na degedege. Mwongozo uko wazi: magnesiamu salfeti ya kuanzia, sindano ya gramu 5 kila tako, kisha rufaa ya haraka. Muuguzi wa zahanati amefundishwa hilo, dawa ipo, anachoma. Hakuna anayehitaji saini hapo, na namshukuru Mungu haihitajiki. Lakini ni usiku, ziwani pana upepo, nahodha wa mtumbwi wa injini amekataa kutoka, na sina sababu ya kumlaumu, kwa maana sisi wa visiwani tunajua maji yanavyochukua watu. Saa nne zimepita tangu sindano ya kwanza. Achome nyingine?

Hapo ndipo ushirikiano unapohitajika kweli. Kabla ya dozi inayofuata anatakiwa ahakikishe mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti bado linashtuka linapogongwa, na mkojo katika saa nne zilizopita umefika mililita 100. Mkojo ukiwa mililita 80 je? Kitabu kinasema subiri. Mama anaanza kutetemeka mdomo. Hilo ni swali la kumpigia daktari, linajibika kwa dakika tatu, na mwenye kulijibu hahitaji kuwa ndani ya maili 75 wala kupitia majalada yangu baada ya wiki mbili. Anahitaji kushika simu na kuwa tayari kubeba sehemu yake ya uamuzi.

Ndugu wa Igoma amesema tuanze na ajira. Sawa, lakini hata wakiajiriwa madaktari wengi hatutapangiwa mmoja kwa kila kisiwa, na hilo linajulikana. Mwongozo wa wizara wa mwaka 2016 wa kugawana majukumu ulikubali ukweli huo: kazi fulani za daktari zifanywe na tabibu, za tabibu zifanywe na muuguzi, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa. Neno la mafunzo lilitekelezwa kwa semina. La usimamizi linakuja na gari, au kwetu na boti, mara chache kwa mwaka, likiwa na fomu ya kuweka alama za vema.

Nikiongeza kwa ndugu wa Ohio: ulipotaja morfini ya Texas nilitabasamu kidogo. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliofuzu mafunzo ya huduma shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika morfini ya kunywa, na wanamfuata mgonjwa wa saratani hadi nyumbani kwake kijijini. Waliona kwamba kumsubiri daktari ni kumwacha mtu afe kwa maumivu, wakabadilisha sheria, wakaweka mafunzo maalumu kuwa ndiyo lango. Hawakuhesabu saa za kukaa chini ya mtu.

Mzaliwa wa Kirumba (yupo Ohio) amejibu:

Tabibu, mfano wako nimeusoma mara mbili. Daktari, ninakubaliana nawe kuhusu wajibu wa kujibu, ila nina wasiwasi mmoja unaotokana na niliyoyaona huku. Ukiuandika wajibu huo katika sheria kwa namna ya mtu na mtu, daktari fulani kwa muuguzi fulani, utaanza kuwa bidhaa mara moja. Daktari ataona dhima na atataka alipwe kwa ajili ya dhima hiyo, au wakili wake atamshauri asikubali kabisa. Huku ninasikia madaktari wema, wanaofurahia kufanya kazi na sisi, wakikataa kusaini kwa sababu bima yao ya makosa ya kitabibu itapanda. Katika majimbo yasiyodai mkataba watu walewale wanashauriana kila siku kwenye korido na kwa simu, kwa sababu hakuna anayehisi amefungwa kamba na makosa ya mwenzake.

Ninapendelea wajibu uwe wa taasisi. Hospitali ya wilaya ndiyo iwe na deni la kujibu zahanati zake, na ijipange yenyewe nani ashike simu.

Na kwa ndugu wa Igoma: uhaba ndio uliozaa fani hii huku pia. Majimbo mengi yaliyotangulia kuwaachia wauguzi ni yale yenye mashamba na milima mikubwa na watu wachache, ambako daktari wa kusaini hakupatikana hata kwa fedha.

Daktari wa hospitali ya rufaa, Mwanza, amejibu:

Hilo la taasisi ninalipokea, kwa sharti moja: taasisi isigeuke kuwa mahali pa kujificha. Hospitali iwe na deni, lakini kila simu iwe na jina. Nimeona vitabu vya makabidhiano ambamo kila kitu "kimeshauriwa na daktari wa zamu" na haijulikani zamu ile ilikuwa ya nani.

Mkufunzi wa Nyegezi amejibu:

Ninawashukuru nyote. Nimeamua kuibadilisha kazi ya darasa. Nilikuwa nimepanga wanafunzi walinganishe majimbo matatu ya Marekani kwa jedwali. Badala yake watasoma masharti ya Ohio kama alivyoyaeleza ndugu yetu, kisha wataandika makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya hospitali ya wilaya na zahanati zake, wakichukua yanayofaa na kuyaacha mengine. Vipengele vya rufaa, mtu wa kushika nafasi, na namna ya kuamua mkitofautiana vinaonekana vinafaa kama vilivyo. Idadi ya wauguzi kwa daktari na hesabu ya saa tutaviacha. Mamlaka ya kuandika dawa itabaki katika orodha ya taifa, kwa maana makubaliano ya wilaya hayawezi kuipita.

Nina swali moja kwa Tabibu kabla sijalipeleka darasani. Upande wa hospitali, aandikwe nani: daktari kwa jina, cheo, au zamu? Na mtandao usipokuwepo mnafanyaje?

Tabibu wa visiwani, Ukerewe, amejibu:

Iandikwe zamu, Mkufunzi. Madaktari huhamishwa, huenda masomoni, huenda likizo, na jina lililobandikwa ukutani linabaki pale hata mwenyewe akiwa Dodoma. Jina liandikwe kwenye daftari baada ya simu kupokelewa: saa iliyopigwa, aliyepokea, alichoulizwa, alichojibu. Daftari kama hilo liwepo pande zote mbili, ili yakitofautiana ijulikane.

Mtandao ukikatika tunaandika kwamba simu haikupatikana, pamoja na saa, na muuguzi anaendelea kwa mwongozo. Makubaliano yenu yaseme wazi kwamba akifuata mwongozo katika hali hiyo hatahesabiwa amevuka mpaka wa kazi yake, kwa sababu hicho ndicho kinachowafanya wengine wasite hadi mgonjwa anazidiwa. Namba yenyewe iwe ya simu ya wodi ya wazazi, isiwe ya mfukoni mwa mtu, na fedha za vocha na za kuichaji ziingie katika bajeti ya hospitali, kwa maana simu ya namna hiyo tuliwahi kuwa nayo na ilikufa kwa kukosa salio.